Marufuku ianzie kwenye ncha

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza kama kupiga marufuku aina fulani za visu kunaweza kupunguza uhalifu wa visu. Naamini kunaweza, ila serikali nyingi zinakimbizana na visu vya kutisha na kukisahau kinacholala kwenye droo ya jikoni.

Tazameni Uingereza. Visu vya springi, vile ambavyo makali yake huchomoka ukibonyeza kitufe, vilipigwa marufuku huko tangu 1959. Mwaka 2016 ikafika zamu ya visu vya zombi, majisu marefu yenye meno yanayoigiza filamu za kutisha. Sheria ya England na Wales ilikihesabu kisu kuwa cha zombi kikiwa na picha au maandishi ya kuchochea ukatili. Wauzaji walifanya nini? Wakaondoa maandishi. Chuma kilekile, meno yaleyale, na biashara ikaendelea kihalali. Ilikuwa Septemba 2024 ndipo sheria ikaanza kuangalia umbo la kisu chenyewe, na Agosti 2025 zikafuata panga za ninja.

Sizipingi hatua hizo. Jisu la namna hiyo halina kazi jikoni wala shambani. Kijana hulinunua ili aogopwe, na aliyelishuhudia naye huenda kutafuta lake. Lakini katika mauaji ya visu huko England na Wales, pale aina ya kisu inapojulikana, kisu cha jikoni ndicho kinachoongoza.

Na hapo ndipo marufuku ingefaa zaidi. Aliyepanga kuua atatafuta silaha hata kwa njia za panya. Aliyepandwa na hasira katikati ya ugomvi wa nyumbani hana muda wa kuagiza upanga mtandaoni. Mkono wake hukamata kilicho karibu. Mwaka 2005 madaktari wa kitengo cha dharura cha hospitali moja ya London waliandika katika jarida la British Medical Journal wakitaka visu virefu vya jikoni vyenye ncha kali visiuzwe tena. Waliwauliza wapishi mahiri, wakaambiwa kwamba ncha ndefu si ya lazima. Kisu cha ncha ya mviringo kinakata nyama na kumenya viazi vizuri tu, ila ukikisukuma kifuani juu ya nguo, hakipenyi kirahisi. Chenye ncha kikishatoboa ngozi, kilichobaki hakihitaji nguvu nyingi. Tofauti hiyo inatosha kumwacha mtu na jeraha badala ya kaburi.

Bila shaka chuma peke yake si jibu. Polisi wa Glasgow, jiji la Uskoti, walianzisha kitengo cha kupunguza ukatili mwaka huohuo wa 2005, wakautazama ukatili kama ugonjwa wa kuambukiza, wakawaita vijana wa magenge, wakawaonya na kuwasaidia kupata kazi. Katika miaka 10 iliyofuata mauaji Uskoti yalipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa sidai kwamba ni kazi ya kitengo hicho pekee.

Hivyo ningependa visu vya kawaida vya nyumbani viuzwe bila ncha, na mwenye kazi inayohitaji ncha aombe kibali. Vilivyomo majumbani havitakusanywa kwa siku moja, najua. Tuanze na nyumba zilizo hatarini, kama polisi wa Nottinghamshire, England, walivyofanya mwaka 2019 walipojaribu kuwapa waathirika wa ukatili wa nyumbani visu visivyo na ncha.