Re: Kuhubiri kitabu kizima mstari kwa mstari, watu hawaboreki?

Mtumishi, umeuliza kama style hii inachosha washirika na kama Wareformed (Waprotestanti wa mkondo wa Zwingli na Calvin) walijali kushawishi au walikuwa wanatoa darasa tu. Walijali mno. Zwingli, mwanamageuzi wa kanisa pale Zürich, Uswisi, Januari 1519 aliachana na masomo yaliyopangiwa kila Jumapili akaanza Mathayo mwanzo akasonga nayo. Calvin, mwanamageuzi mwenzake, ndo balaa, alifukuzwa mji wa Geneva 1538, karudi 1541 watu wanasubiri awachane waliomtimua, yeye kapanda mimbarani akaendelea palepale alipoishia. Ila Kumbukumbu la Torati alihubiri mara 200, hiyo wewe usijaribu, anza na Ruthu au Wafilipi.

Sasa kushawishi. Msome William Perkins, Mwingereza, 1592 aliandika kwa Kilatini kuhusu kazi hii ya kuhubiri, na mpango wake mpaka leo naona haujapitwa: soma andiko, eleza maana yake, toa fundisho lililomo, halafu peleka kwenye maisha ya watu. Hapo kwenye maisha ndo wengi tunakimbia kimbia. Perkins anataka ujue nani amekaa mbele yako, maana asiyejua kitu anayetaka kufundishwa, mwenye kiburi, na aliyevunjika moyo tayari huwezi kuwapa dozi moja, huyu wa mwisho ukimrushia sheria tu unammaliza. Na Kigiriki chako kiache kwenye chumba cha kujisomea, jasho la maandalizi lisionekane mimbarani.

Kwani hapo kwenu unahubiria nani zaidi, wazee au wanafunzi wa chuo?