Ahamie, lakini kwa teki ya kwanza

Mmeuliza: mchekeshaji wa jukwaani akishapata jina, ahamie kwenye filamu au abaki jukwaani? Abaki. Na msiniletee Mzee Majuto. Marehemu alikuwa mwigizaji, si mtu wa kusimama peke yake na kipaza sauti. Mfano wenyewe ni Richard Pryor, mchekeshaji Mmarekani wa Peoria, Illinois, ambaye wateja wa vibanda umiza wanamjua kama yule aliyefungwa jela pamoja na Gene Wilder kwenye filamu, basi.

Mwaka 1979 Pryor alikwenda Kenya. Kabla ya hapo, lile tusi ambalo Wazungu wa Marekani waliwaitia Weusi lilikuwa mtaji wake. Limo hata kwenye majina ya albamu zake za 1974 na 1976, na zote mbili zilipata tuzo ya Grammy. Kisa cha safari hiyo alikisimulia kwenye ukumbi wa Hollywood Palladium, kwenye onyesho lililotoka kama filamu mwaka 1982. Ameketi kwenye ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Sauti inamuuliza, unaona nini? Anatazama: watu wa rangi zote, wanafanya kazi za kila namna. Je, unamwona hata mmoja wa lile tusi? Hapana. Unajua kwa nini? Kwa sababu hawapo. Hapo ndipo anapotambua kuwa amekaa wiki tatu na neno hilo halijamtoka kinywani.

Angalieni alivyokipanga. Mahali ni mapokezi ya hoteli tu. Angeweka kilele cha Mlima Kenya, ingekuwa hotuba. Sauti inashuka, uso hauchezi, na pale watu wanapongoja kicheko hakuna kitu. Anayejifunza kazi huharibia hapo hapo: anaogopa kimya, anachomeka kichekesho kidogo, ukumbi unapumua kabla ya wakati na kisa kinamfia mkononi. Pryor aliweza kusubiri kwa sababu alishawachekesha watu vya kutosha, wakawa wanamdai kidogo sana. (Bahati yake hakujua Kiswahili. Pengine pale mapokezini watu walikuwa wakitukanana kwa makabila yao.)

Kimya kile filamu ya kuigiza haikupi. Mhariri wa picha anakikata, au anakifunika kwa muziki. Ndiyo maana mtu yule yule yumo kwenye filamu ya Superman III ya 1983, inasemekana kwa dola milioni 4, na sioni alichofanya mle ambacho mwingine asingekiweza.

Ila hapa najikwaa, maana iko filamu ya Blue Collar ya 1978, ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari Detroit. Mwongozaji wake, Paul Schrader, amewahi kueleza shida aliyoipata: Pryor aliwaka teki ya kwanza (teki ni kila mara kipande kile kile kinaporekodiwa) kisha akazidi kupoa, wakati mwigizaji mwenzake, Harvey Keitel, alihitaji teki kadhaa ndipo apate moto. Sababu si uvivu. Kichekesho kimejengwa kwa masikio yanayokisikia mara moja, na mahali pa kurekodia hakuna anayeruhusiwa kucheka, sauti itaharibika. Kufika teki ya nne mchekeshaji anabadilisha maneno ili ajichangamshe mwenyewe, na vipande havishikani tena mezani kwa mhariri.

Dawa ipo, ina gharama tu: kamera mbili, moja kwa kila mwigizaji, ili jibu la mwenzake lisikose. Mwenzake afanye mazoezi na mtu mwingine mpaka apate moto, ndipo mchekeshaji aitwe, na kamera ziwe zinazunguka tangu anapoingia.

Basi, ahamie. Lakini si kwa mwongozaji wa kamera moja, na asipewe nafasi ya kuchekesha. Apewe mtu mwenye shida ya pesa. Kwenye Blue Collar Pryor ana watoto watatu, kwenye fomu za kodi ameandika sita. Mtu wa kodi anabisha hodi nyumbani, na mke anakimbilia kwa jirani kuazima watoto.