Feni Tano, Joto Lile Lile

SWALI: Ndugu Mtaalamu, ninahariri video za harusi kwa kompyuta ya mezani hapa Dodoma. Kasha lilikuja na feni moja ya nyuma, nami nikaongeza nne za milimita 120, mbili juu na mbili mbele, zote zikitoa hewa ya moto nje. Kelele imezidi, vumbi limeongezeka, na joto la prosesa halijapungua kwa kiasi cha maana. Je, ninunue feni zenye nguvu zaidi? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Usinunue chochote kwa sasa. Feni ulizonazo zinatosha. Kasoro ni kwamba zote tano zinatoa hewa na hakuna hata moja inayoingiza. Kasha linalonyonywa namna hiyo huvuta hewa kupitia kila upenyo lilio nao, yaani maungio ya mifuniko, matundu ya nyuma na nafasi za kadi zilizoachwa wazi, ambako hakuna chujio, na ndiyo maana vumbi limehamia ndani.

Zigeuze feni mbili za mbele ziingize hewa. Feni za kawaida huvuta hewa upande ulio wazi na kuitolea upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Ukiwa na shaka, sogeza kipande cha karatasi laini uone kama kinavutwa au kinasukumwa. Ya nyuma iendelee kutoa. Za juu, bakiza ile iliyo karibu na nyuma tu, kwa sababu iliyo upande wa mbele huinyakua hewa iliyoingia punde na kuitoa kabla haijaifikia prosesa. Hiyo iweke akiba. Kisha ziongezee kasi kidogo zile za mbele, ili hewa inayoingia kupitia chujio la mbele izidi inayotoka na kasha lisivute vumbi pembeni.

Kuhusu kelele, angalia zilivyounganishwa. Feni iliyochomekwa moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha) huzunguka kwa kasi yake yote muda wote, hata unapoandika barua tu, ilhali yenye plagi ya pini 4 iliyochomekwa kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) hupandishwa na kushushwa kasi kulingana na joto. Ukija kununua nyingine, na kasha likawa na nafasi, chukua za milimita 140, ambazo huhamisha hewa ileile zikizunguka polepole. Taa za rangi, ambazo wauzaji hupenda kuzitaja kwanza, hazipozi chochote.

Baada ya hapo, pima. Endesha kazi ileile ya kutoa video kwa nusu saa, andika joto la prosesa na la kadi ya picha, kisha ondoa mfuniko wa ubavuni na urudie kipimo hicho, chumba kikiwa na joto lilelile. Joto la prosesa na la kadi likishuka sana, tuseme nyuzi 10, kasha bado linakosa hewa, na mara nyingi mkosaji ni uso wa mbele wa kioo usio na matundu. Lisiposhuka, feni za kasha hazihusiki: kagua vumbi lililoziba kipoza joto cha prosesa, au dawa ya kupitisha joto iliyokauka chini yake. Unapolipuliza vumbi hilo, zima kompyuta na uzuie mapanga ya feni kwa kidole, kwani upepo mkali ukiyazungusha kupita kiasi beringi huweza kuharibika.