Tatu iliyogeuzwa

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nakusanya vitu vya zamani, juzi nimenunua kwa muuza skrepa hapa Nairobi mfuko mmoja una kijichuma cha shaba kama 3 iliyogeuzwa, nyuma kina vitanzi viwili, pamoja na nyota ya pembe sita imeandikwa "The Burma Star". Jamaa yangu anasema hiyo 3 ni feki imepigwa kinyume. Je ni kweli? Na nyota nitajuaje ilikuwa ya nani?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Marahaba mjukuu. Jamaa yako mwambie akalale, hiyo sio tatu kabisa! Hiyo ni nne ya Kiarabu, ٤, ndivyo inavyoandikwa. Askari wa Keya, yaani KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni), walivaa namba ya batalioni kwenye kofia na zingine ziliandikwa kwa tarakimu za Kiarabu, na batalioni ya nne ilikuwa ya Uganda, ndio hiyohiyo Idi Amin alikuja kuitumikia baadaye, maana yeye aliingia Keya 1946. Hivyo vitanzi vya nyuma vilikuwa vya kupitisha pini ndani ya kitambaa beji isichomoke.

Nyota nayo ni ya vita vya Bama, yaani Burma, siku hizi Myanmar, wakati wa vita vya pili vya dunia. Batalioni ya nne ilikuwepo kule 1944, ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye alama ya kichwa cha kifaru yule mnyama, wakawafukuza Wajapani bonde la Kabaw mpaka Kalewa kwenye mto Chindwin, matope na malaria juu. Kwahiyo vitu vyako viwili vinaweza kabisa kuwa vya babu mmoja, lakini usiapie, maana kwa muuza skrepa vitu hukutana tu mfukoni. Na jina usilitafute sana, nyota za vita vya pili Waingereza walizitoa bila kuchonga jina, ukiona jina nyuma mara nyingi mwenyewe au familia ndio walipeleka kwa fundi. Medali za vita vya kwanza ndio zina jina na namba pembeni kwenye ukingo, hapo unaweza kumfuatilia mtu.

Feki angalia kwa lensi. Ikiwa ya kumiminwa kwenye udongo utaona vitundu vidogovidogo na herufi zimelegea kama sabuni iliyotumika, ya kweli kwa kawaida imegongwa kwa mashine na kingo zake ni kali.

Halafu tafadhali, brasso, ile dawa ya kung'arishia shaba, weka mbali. Najua mkono unawasha, ila ukishaing'arisha ule weusi wa miaka 80 haurudi na wanaojua watakupa nusu ya bei. Badala yake rudi kwa yule muuza skrepa kabla hajasahau, umuulize mfuko aliutoa nyumba gani, labda wana picha ya mzee.