Mfundishe mwanafunzi wa uuguzi kufungua mdomo

Mkufunzi mwenzangu, ukiniuliza somo la usalama wa mgonjwa lianzie wapi, nitakwambia lianzie kwenye ulimi wa mwanafunzi. Nafundisha uuguzi hapa Moshi, na mwaka hadi mwaka naona jambo lilelile. Mwanafunzi anakariri vizuri yale matano ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Kwenye mtihani anapata alama zote. Akifika wodini, dozi iliyoandikwa kwenye chati inamtia shaka, anamtazama daktari, anamtazama sista, halafu ananyamaza. Shaka yake ilikuwa ya kweli, ila hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kuitoa kinywani.

Na si jambo dogo kwake. Amelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kutobishana naye. Malezi hayo ni mazuri, sitaki ayaache mlangoni mwa hospitali. Kwa hiyo nampa maneno yenye adabu ambayo bado yanasimamisha kazi: “Samahani dokta, naomba kuthibitisha dozi kabla sijachoma.” Asiposikilizwa, anarudia na kutaja sababu: “Nina wasiwasi, mtoto huyu ana kilo tisa.” Akikaripiwa, anaweka bomba la sindano chini na kumfuata muuguzi mfawidhi. Mazoezi haya tunayafanya kwa sauti, tumesimama, mimi nikiwa daktari mwenye haraka na hasira. Mwanzoni wanacheka, wengine sauti inakwama kooni. Usikate tamaa, rudia tena na tena mpaka maneno yatoke bila kutafutwa, maana saa nane za usiku hakuna mwenye nafasi ya kuyatafuta.

Maagizo ya mdomo yafundishe vivyo hivyo. Daktari akitaja dozi kwa Kiingereza, kumi na tano na hamsini husikika karibu sawa, hasa wodi ikiwa na kelele. Mwanafunzi arudie agizo lote kwa Kiswahili, dawa, kiasi na njia, na asiguse chupa kabla ya kusikia “ndiyo.”

Kutambua mgonjwa ndiko ninakotumia muda mrefu zaidi, na nadhani huku kwetu kunastahili. Wodi moja ya Moshi inaweza kuwa na akina Massawe wawili na akina Mushi watatu. Panda Arusha utawakuta akina Mollel na akina Laizer wamelala vitanda vya jirani. Sasa mwanafunzi anamwendea bibi na kumuuliza, “Wewe ndiye Mama Massawe?” Bibi anajibu “Ee, mwanangu,” kwa sababu kweli ni Mama Massawe, au kwa sababu hakusikia vizuri, au kwa sababu ameona haya kumkatalia nesi. Swali la namna hiyo limeshambebesha jibu. Nafundisha hivi: “Shikamoo bibi. Naomba unitajie majina yako yote matatu.” Kisha umri au kijiji anakotoka, huku jicho likiwa kwenye faili. Mzee wa Kimaasai asiyezoea Kiswahili aitiwe ndugu yake au mhudumu anayejua lugha. Kumtingishia kichwa naye akatingisha hakuthibitishi kitu. Namba ya kitanda isitumike hata siku moja. Wagonjwa huhamia dirishani, na aliyejilaza pale anaweza kuwa mjukuu aliyeleta uji.

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya hospitali za ng'ambo zenye mashine nyingi. Hapo huwaeleza habari ya Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipojaribu orodha yake ya usalama wa upasuaji, kati ya 2007 na 2008, lilichagua hospitali katika miji minane, na Ifakara yetu ilikuwa mmojawapo pamoja na London, Toronto na Manila. Matokeo ya jumla yalichapishwa 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Na kabla ya kisu kugusa ngozi, inataka kila aliyemo chumbani ajitambulishe kwa jina na kazi yake. Mimi naona hapo pana busara kubwa, kwani mtu aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi kusema tena akiona hatari.

Mwanafunzi pia ajue mahali ambapo mamlaka ya kusimamisha yako mikononi mwake. Mfano ninaoupenda ni mama mwenye kifafa cha mimba anayepewa magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege ambayo ikizidi hudhoofisha pumzi. Kabla ya kurudia dozi, lazima apumue angalau mara 16 kwa dakika, goti liitikie likigongwa, na mkojo usiwe chini ya mililita 30 kwa saa katika saa 4 zilizopita. Mara nyingi anayehesabu pumzi hizo ni mwanafunzi. Akipata 12, dozi haitolewi, anaita msaada mara moja, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuipinga ile ya kwanza ikizidi, iwe karibu. Mwambie wazi kwamba hesabu yake ina uzito kuliko haraka ya yeyote. Na ahesabu dakika nzima. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha sikubali.

Sasa sisi wakufunzi. Ukimfokea mwanafunzi mbele ya wagonjwa, umewafundisha wenzake wote kuficha. Ndiyo maana kuna anayejichoma sindano kwa bahati mbaya na kukaa kimya, wakati dawa za kinga dhidi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, kabla saa 72 hazijapita. Roho inaniuma nikifikiria binti anayezipoteza saa hizo kwa kuniogopa mimi. Kwa hiyo tuna daftari la makosa yaliyonusurika kutokea, halina majina. Mtu anaandika kilichotaka kutokea na kilichokizuia, na mwisho wa wiki tunasoma pamoja. Swali letu ni moja: nini kilirahisisha kosa hilo? Utasikia chupa mbili zinazofanana zimewekwa rafu moja, taa imeungua, zamu ilikabidhiwa koridoni bila kufika kitandani. Mengine hurekebishika siku hiyohiyo.

Kabla hujawapeleka wodini, kaa na muuguzi mfawidhi. Mweleze kwamba vijana wako wamefundishwa kuuliza, ili asidhani ni utovu wa nidhamu. Kubalianeni nani ataitwa zamu ya usiku mwanafunzi akipuuzwa, na kila mmoja aiandike namba hiyo kwenye kijitabu chake cha mfukoni kabla ya zamu ya kwanza.