Hela yenye herufi T

Mmeuliza: ni sehemu gani ya kuhifadhi kumbukumbu iliyowahi kukuchelewesha kurudi nyumbani? Najua wengi wa huku watataja Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone, na wana haki. Mimi nilichelewa uani kwa fundi baiskeli mstaafu, hapahapa Tabora mjini.

Babu huyu hakufika hata darasa la saba. Banda lake limejaa: mizinga ya magome, taa za chemli, redio za mbao, filimbi ya gadi wa treni. Maelezo kayaandika kwa kalamu ya risasi kwenye vipande vya boksi, na mchwa wameshaanza kuyasoma. Kiingilio hakuna.

Nikamwamkia shikamoo. Aliitikia, akanitia kiganjani sarafu ya rangi ya manjano iliyofifia, ina tundu katikati.

"Soma."

Heller 20, sarafu ya enzi za Mjerumani, mwaka 1916, na chini ya mwaka kuna T ndogo.

"T ya nini?"

Nikajibu kwa kujiamini: Tanganyika. Alicheka mpaka akakohoa. Nchi ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920, mjukuu wangu, Mjerumani angelijuaje? T ni Tabora.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani hazikufika tena. Reli ilikuwa imeshafika hapa tangu 1912, na karakana yake ikageuzwa kiwanda cha pesa. Walipiga hata za dhahabu, rupia 15, zenye tembo. "Hizo nami naziona pichani kama wewe," akasema. Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia mjini, mchezo ukaisha. Tulichobaki nacho ni neno: heller ndiyo hela yetu hii ya kila siku. Miaka yote shuleni hakuna aliyewahi kunieleza hilo.

Lile tundu si la Mjerumani. Sarafu aliikuta kwenye baiskeli ya mteja, imefanywa washa chini ya nati ya keria. Akampa washa mpya, akabaki na hela. Ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye banda hili.

Hapo nikakosea, nikamsimulia kopo la bibi yangu. Lilikuwa na hela kama hizo, nami nikiwa mtoto nililiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, pamoja na sufuria lililotoboka.

Babu alinyamaza, kisha akauliza zilikuwa ngapi.

Nikamwambia sikuhesabu, ila kopo lilikuwa zito.