Los Angeles hadi Tokyo ni masaa mangapi? Usipige hesabu kwa kilomita tu

Watu wengi wakitaka kujua safari ni ndefu kiasi gani wanatafuta kilomita kwanza, na mimi nilifanya hivyohivyo nilipokata tiketi ya Los Angeles kwenda Tokyo. Umbali ni kama kilomita 8,800, ndege inakimbia karibu 900 kwa saa, nikagawa nikapata masaa kumi hivi nikaridhika. Kuja kuangalia tiketi vizuri, kwenda karibu masaa 12, kurudi kama 10. Nikajua wamekosea, mbona njia ni ileile?

Hawajakosea, ni upepo. Huko juu, kama kilomita 10 kutoka chini, kuna upepo mkali unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki na wakati wa baridi unazidi, kwa hiyo kwenda Tokyo unapambana nao na kurudi unakusukuma. Mi niliacha ramani wazi kwenye skrini ya kiti karibu njia nzima, nikawa naona spidi yetu inashuka hadi 740 na pembeni imeandikwa upepo wa mbele, halafu kile kindege kimepanda juu kuelekea Alaska badala ya kukata Pasifiki katikati. Usiogope ukiona hivyo, dunia ni duara, ukivuta uzi kwenye tufe kati ya hiyo miji miwili utaona unapita hukohuko kaskazini.

Sasa kilichonitesa kweli ni tarehe. Masaa yanayoandikwa kwenye tiketi ni ya mji husika, wa kuondokea na wa kufikia, na katikati hapo unavuka mstari wa tarehe, ule wa kwenye ramani katikati ya Pasifiki ambao ukiuvuka siku inabadilika. Niliondoka Jumatatu saa sita mchana nikatua Jumanne saa kumi na moja jioni, na mimi nilishamwambia mwenyeji wangu nafika Jumatatu usiku, maskini akaja uwanjani akasubiri bure, roho iliniuma sana. Tokyo iko mbele kwa masaa 17 wakati wa baridi na 16 kiangazi, kwa hiyo ukitaka kujua utakaa angani masaa mangapi, hesabu kutoka saa ya kuondoka hadi ya kufika kama zilivyo kwenye tiketi, halafu hiyo tofauti uitoe wakati wa kwenda, kurudi uiongeze. Kurudi utashangaa zaidi, unaondoka Jumanne jioni unafika Jumanne ileile asubuhi.

Kwa hiyo kabla hujalipa tafuta pale palipoandikwa muda wote wa safari, hasa kama unabadilisha ndege njiani, maana tiketi ya bei nafuu inaweza kukulaza uwanjani masaa nane na kwa macho usijue. Halafu ukishatua usipange kitu cha haraka, kuna foleni ya uhamiaji na kusubiri mabegi, mimi siku hizi naacha masaa mawili. Na anayekuja kukupokea mtumie tarehe na saa ya kule unakofika, pamoja na namba ya ndege, aangalie mwenyewe.